Kompyuta Mpakato Inapokataa Wi-Fi ya Chuo: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Mahali Tatizo Lilipo

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wanaporejea Mwanza kutoka Ukerewe, Sengerema, Geita na Musoma, mlango wa ofisi ya TEHAMA ninakofanyia kazi hujaa vijana waliobeba kompyuta mpakato, na karibu wote huanza kwa maneno yaleyale: "Shikamoo mwalimu, Wi-Fi haishiki." Maneno hayo mawili ya mwisho hufunika matatizo mengi yasiyofanana, na dawa inayoponya moja haigusi kabisa lile jingine. Muhula uliopita alinijia binti wa mwaka wa pili akiwa amekwisha kumlipa fundi wa mtaani fedha yake ya matumizi ya wiki mbili ili amwekee Windows upya. Windows iliwekwa, rasimu ya utafiti wake ikafutika, na Wi-Fi ikaendelea kukataa vilevile, kwa sababu kilichokuwa kimekufa ni betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta. Kila kompyuta ilipozimwa, tarehe ilirudi nyuma miaka kadhaa, na ukurasa wa chuo wa kujitambulisha ukagoma kufunguka. Betri hiyo haifikii hata bei ya sahani moja ya wali kwa sato. Mwongozo huu nimeuandika ili mwanafunzi mwingine asipoteze fedha na kazi yake kwa namna hiyo.

Nitazungumzia zaidi Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo kila siku. Ninachokuomba ukishike tangu mwanzo ni hiki: usibadilishe kitu chochote kabla hujajua mawasiliano yamekatikia wapi. Kompyuta inapojiunga na Wi-Fi ya chuo hupita hatua kadhaa kwa mfuatano. Kwanza inauona mtandao, halafu inakubaliwa kwa nywila, kisha inapewa anwani ya kutumia ndani ya mtandao, baada ya hapo mwenye kompyuta anajitambulisha iwapo chuo kinadai hivyo, na mwisho majina ya tovuti yanageuzwa kuwa namba ambazo mitambo inazielewa. Kompyuta iliyokwama kwenye hatua ya tatu haiwezi kusaidiwa kwa kuandika nywila upya mara kumi, kwa sababu nywila ilikwisha kukubaliwa.

Majaribio mawili kabla ya yote

Simama palepale ambapo Wi-Fi imekataa, kisha mwombe mwenzako aunganishe simu au kompyuta yake kwenye mtandao uleule. Hakikisha kwamba mtandao ni uleule kwa jina, kwa kuwa vyuo vingi huwa na mtandao wa wafanyakazi, wa wanafunzi na wa wageni, na majina yake hufanana. Baada ya hapo washa hotispoti ya simu yako na uunganishe kompyuta yako kwayo. Mara tu inapounganishwa, fungua mipangilio ya mtandao huo wa simu katika Windows na uwashe kitufe kilichoandikwa "Metered connection", ambacho huiambia kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo, Windows inaweza kuanza kupakua masasisho yake na kulimaliza bando lako.

Majibu ya majaribio hayo mawili yanakuonyesha upande wa kuelekea. Iwapo mwenzako ameingia na kompyuta yako imekubali hotispoti, basi mtandao wa chuo ni mzima na kifaa chako cha Wi-Fi ni kizima, na tatizo liko katika makubaliano kati ya hivyo viwili: nywila, anwani, usajili wa kompyuta, tarehe au mipangilio iliyobaki kutoka sehemu nyingine. Iwapo mwenzako ameingia lakini kompyuta yako inakataa hata hotispoti, tatizo liko ndani ya kompyuta yako. Iwapo mwenzako naye ameshindwa, iache kompyuta yako kama ilivyo na utoe taarifa. Hapa nasisitiza jambo moja la mazingira yetu: umeme ukikatika na kurudi, virushio vya Wi-Fi, vile vya umbo la sahani nyeupe vinavyofungwa darini, hupita dakika kadhaa vikijiwasha, na seva inayogawa anwani inaweza kuchelewa zaidi yake. Subiri robo saa kabla hujaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

Mtandao hauonekani kabisa

Anza na yale madogo. Angalia kama hali ya ndege imewashwa, kwa kuwa kitufe chake mara nyingi hukaa katika safu ya juu ya kibodi na hubonyezwa bila kukusudia wakati wa kuongeza sauti au mwanga. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo ubavuni inayozima Wi-Fi, na hakuna mpangilio wowote wa Windows unaoweza kuiwasha swichi hiyo isipokuwa kidole chako.

Baada ya hapo iwashe upya kompyuta, lakini kwa kuchagua "Restart", wala si kuizima na kuiwasha. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka baadaye, hivyo kosa lililokuwemo hulala nalo na kuamka nalo. Kuwasha upya ndiko kunakosafisha. Nimeona matatizo ya siku tatu yakiisha hapo.

Likiendelea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, fungua "Device Manager" na utafute orodha ya vifaa vya mtandao. Kifaa cha Wi-Fi kikiwa na alama ya mshale unaoelekea chini, kimezimwa, nawe ukiwashe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kikiwa na alama ya njano, au kikiwa hakipo huku katika orodha kukiwa na kifaa kisichotambulika, kinachokosekana ni kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa hicho. Hali hii huwapata sana waliowekewa Windows upya, na inakera kwa sababu kiendeshi kinapatikana kwenye intaneti, na intaneti ndiyo iliyokosekana. Njia ya kutoka ni rahisi: unganisha simu yako ya Android kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kupitia USB. Kompyuta itaichukulia simu kama mtandao wa waya, na kiendeshi kitapatikana kupitia masasisho ya Windows au katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo, ukitumia namba kamili ya toleo iliyoandikwa chini yake. Usichukue viendeshi kutoka tovuti nyingine zinazojitangaza kuwa na viendeshi vya kila kompyuta, kwa sababu kupitia njia hiyo virusi huingia kwa urahisi.

Huenda kompyuta inaona mitandao mingine yote isipokuwa wa chuo. Wi-Fi hutumia masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz, na kompyuta nyingi za zamani, hasa hizi za mtumba tunazonunua, zina kadi inayosikia 2.4 GHz peke yake. Mtandao unaorushwa kwa 5 GHz pekee hautaonekana humo kamwe. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika netsh wlan show drivers. Katika orodha ya aina za redio, ukiona 802.11b, g na n bila a wala ac wala ax, karibu hakika kadi yako haifiki 5 GHz. Unaweza kununua kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB kinachopokea masafa yote mawili, na kompyuta nzima haina haja ya kubadilishwa.

Lipo pia suala la mawe. Mwanza imejengwa juu ya miamba ya graniti na katikati yake, na kuanzia vilima vya Bugando hadi Capri Point utakuta nyumba zilizopakana na majabali makubwa kuliko zenyewe. Mawimbi ya Wi-Fi hayapenyi jiwe la unene huo, na yale ya 5 GHz, yenye urefu wa sentimeta 6 hivi, hudhoofika kwa ukuta au kizuizi haraka kuliko ya 2.4 GHz, ambayo urefu wake ni kama sentimeta 12. Bweni lililo mita 40 tu kutoka kwenye kirushio, lakini nyuma ya jabali, linaweza kukosa mtandao huku mtu aliye mbali maradufu upande wa wazi akiupata vizuri. Kuta zenye nondo na mabati nayo huzuia. Kwa hiyo, kabla hujailaumu kompyuta, ipeleke mahali ambapo unakiona kirushio kwa macho yako. Ikishika hapo kikamilifu, ni nzima, na suala lako ni mahali pa kukaa. Ikiwa hata hapo inashika tu unapoisogeza karibu sana na kirushio, na hasa ikiwa ilifunguliwa na fundi siku za karibuni, mwambie akague nyaya mbili nyembamba za antena, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe, zinazotoka kwenye kadi ya Wi-Fi hadi kwenye mfuniko wa kioo. Huchomoka kwa urahisi wakati wa matengenezo na hurudishwa kwa sekunde chache.

Mtandao unaonekana, lakini nywila inakataliwa

Bofya alama ya jicho ili uone unachoandika. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti kwa mtandao, na nywila iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu huja mara nyingi na nafasi tupu mwishoni ambayo huioni. Ukiwa na hakika nayo, iambie kompyuta iusahau mtandao huo kwa kuchagua "Forget", kisha jiunge upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Kompyuta huhifadhi siyo nywila tu, bali pia aina ya usalama, na chuo kikibadilisha kimojawapo, kumbukumbu ile ya zamani huzuia.

Katika vyuo ambako kila mwanafunzi anaingia kwa jina lake na nywila yake, hakikisha umeandika jina la mtumiaji kwa ukamilifu. Kwenye eduroam, mtandao wa Wi-Fi unaotumiwa kwa pamoja na vyuo vingi, kwa mfano, jina lazima liwe na alama ya @ pamoja na jina la chuo linalofuata, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayoonyesha ombi lako lipelekwe kwenye seva ya chuo kipi.

Ipo hali nyingine inayowatesa wanafunzi wengi bila wao kujua chanzo chake. Mwanafunzi anabadilisha nywila yake asubuhi, anaiandika mpya kwenye kompyuta, na mchana akaunti yake inafungwa. Anafunguliwa, na baada ya saa moja inafungwa tena. Mkosaji ni simu iliyo mfukoni, ambayo bado ina nywila ya zamani na inajaribu kuingia nayo kila inapopita karibu na kirushio, hadi seva inaamini kwamba kuna mtu anabahatisha nywila za watu. Ukibadilisha nywila, usahaulishe mtandao kwenye vifaa vyako vyote siku hiyohiyo.

Vipo pia vyuo vinavyosajili kila kompyuta kwa anwani yake ya kifaa, ambayo ni jozi sita za namba na herufi iliyotiwa kiwandani. Andika ipconfig /all kwenye dirisha la amri na usome mstari wa "Physical Address" ulio chini ya kichwa cha Wi-Fi. Usichukue ule wa waya wala wa Bluetooth, maana wengi hukosea hapo na kusajili kifaa kisicho chenyewe. Kisha hakikisha kwamba katika mipangilio ya Wi-Fi kipengele cha "Random hardware addresses" kimezimwa kwa mtandao wa chuo, kwa sababu kikiwa kimewashwa, kompyuta hujitambulisha kwa anwani ya kubuni ambayo chuo hakiijui.

Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo penye sababu nyingi zaidi. Andika ipconfig na utazame anwani ya IPv4 iliyo chini ya Wi-Fi.

Ikiwa inaanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwenye mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe ya muda. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Isiporekebishika, fungua mipangilio ya mtandao huo na uhakikishe kwamba anwani inatolewa kwa njia ya "Automatic (DHCP)". Wakati mwingine mtandao wa chuo wenyewe ndio ulioishiwa anwani: mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254 tu za kutumiwa na vifaa, na wanafunzi 150 wenye simu na kompyuta kila mmoja ni vifaa 300. Dalili yake ni kwamba alfajiri unaingia na saa nne asubuhi unashindwa. Unaweza kusaidia kwa kuzima Wi-Fi ya simu unapotumia kompyuta, lakini tiba ya kweli iko kwa msimamizi wa mtandao, naye hataitoa asipoambiwa.

Ukikuta anwani inaanza na 10, 172 au 192.168 lakini namba zake za mwanzo hazilingani na za wenzako waliokaa nawe, inawezekana kwamba mtu aliiandika kwa mkono wakati kompyuta ilipokuwa ofisini au kwenye duka la intaneti. Irudishe kwenye njia ya kujipatia yenyewe, na seva ya DNS, yaani ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nayo irudishe hivyohivyo. Vyuo vingi huruhusu DNS yao pekee, hivyo aliyejiwekea 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya Google, kwa ushauri wa rafiki anaweza kukosa hata ukurasa wa kujitambulisha.

Anwani ikiwa sawa, fungua kivinjari na uangalie kama chuo kinataka ujitambulishe. Ukurasa huo hujitokeza wenyewe, lakini mara nyingi hushindwa kwa sababu tovuti karibu zote siku hizi zimefungwa kwa usalama wa https, na mtandao wa chuo hauwezi kuingilia kati tovuti ya namna hiyo bila kivinjari kupiga kelele. Andika kwa mkono http://neverssl.com, tovuti iliyoachwa wazi kwa makusudi, na ukurasa wa chuo utapata nafasi ya kujitokeza. Kabla ya hapo zima VPN yoyote uliyonayo, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia yake ya siri. Programu hizo hujaribu kupita kabla hujajitambulisha, mlango haufunguki, na baadhi yake zikiondolewa vibaya huacha mpangilio wa proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano, unaoelekeza mawasiliano yote mahali pasipokuwepo. Tazama sehemu ya "Proxy" katika mipangilio ya mtandao, na kama chuo hakikukuagiza uitumie, iache ikiwa imezimwa.

Kivinjari kikisema kwamba cheti cha ukurasa, yaani uthibitisho wake wa usalama, si halali au kimepitwa na wakati, usikimbilie kubofya kuendelea. Tazama saa na tarehe. Kila cheti cha usalama kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 itaona kwamba cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Weka tarehe kwa mkono. Katika ukanda wa saa chagua UTC+03:00 Nairobi, kwa kuwa Dar es Salaam haimo katika orodha ya Windows, na uandike saa kwa hesabu ya mashine, yaani saa mbili asubuhi iwe 08:00. Tarehe ikirudi nyuma tena kila kompyuta inapozimwa, betri ya saa imekwisha. Katika kompyuta nyingi ni ya aina ya CR2032 ya volti 3, wakati mwingine ikiwa na waya wake mdogo. Mwambie fundi abadilishe hiyo peke yake, na usikubali kuwekewa Windows upya.

Mwisho wa sehemu hii ni majina. Andika ping 8.8.8.8. Ukipata majibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, intaneti ipo na tatizo ni DNS. Andika ipconfig /flushdns na ujaribu tena. Ukikosa majibu, usihitimishe haraka kwamba intaneti haipo, kwa sababu baadhi ya vyuo huzuia jaribio hilo.

Inashika na kuachia

Ikiwa hukatika kila baada ya dakika chache hata ukiwa karibu na kirushio, fungua tena kifaa cha Wi-Fi katika "Device Manager", nenda sehemu ya umeme, na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa chaji. Sehemu hiyo ikiwa haipo kwenye kompyuta yako, sasisha kiendeshi.

Kuanza upya, baada ya mengine yote

Windows ina kipengele cha "Network reset", ambacho huvisakinisha upya vifaa vyote vya mtandao na kufuta mitandao yote iliyohifadhiwa pamoja na VPN. Faili zako hazitaguswa, lakini andika pembeni nywila unazozihitaji kabla hujakibofya. Kuiweka Windows yenyewe upya kwa ajili ya Wi-Fi sikushauri kabisa ikiwa kompyuta ilikubali hotispoti, maana hotispoti imekwisha kuthibitisha kwamba kifaa na kiendeshi vinafanya kazi.

Taarifa ya kuipeleka ofisini

Ukishindwa, njoo na karatasi. Andika mahali hasa uliposimama na saa tatizo lilipotokea, jina la mtandao, maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo, anwani ya IPv4 uliyoiona, anwani ya kifaa chako cha Wi-Fi, na majibu ya yale majaribio mawili ya mwanzo. Nywila yako usiiandike, wala usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa wa ofisi yetu; kazi yetu haiihitaji. Maelezo kama haya yanatutosha: "Maktaba, ghorofa ya pili, jumanne saa 4:20 asubuhi, mtandao wa wanafunzi, imeunganishwa bila intaneti, anwani 169.254.18.7; mwenzangu naye ameshindwa; hotispoti imekubali." Anayeipokea karatasi hiyo anajua tayari kwamba aiache kompyuta na aende moja kwa moja kwenye seva inayogawa anwani.